Kugeuza DVD kuwa faili za video: soma diski kwanza, geuza baadaye

Lawama nyingi kuhusu kugeuza DVD huangukia programu isiyo na kosa. Kazi inafika katikati, kompyuta inakwama. Faili inatoka ikiwa na dakika saba badala ya saa mbili. Picha inaganda, sauti inaendelea. Mtu hubadili mipangilio ya HandBrake (programu ya bure ya kugeuza video), akashusha programu nyingine, akarudia tena, na tatizo likabaki palepale kwa sababu limo kwenye diski au kwenye kiendeshi kinachoisoma.

Uzoefu unafundisha kutenganisha kazi mbili ambazo programu nyingi huzichanganya: kutoa data kwenye diski, kisha kugeuza video. Zikifanywa kwa pamoja, kiendeshi kinasoma huku prosesa ikigeuza, na kosa dogo la kusoma linaangusha kazi yote bila kuonyesha limetoka wapi. Zikitenganishwa, kila kosa linajulikana ni la hatua gani. Faida nyingine ni kwamba diski dhaifu inasomwa mara moja tu. Ukitaka kurekebisha sauti au ubora baadaye, unafanyia kazi nakala iliyo kwenye kompyuta, diski yenyewe imepumzika.

Tenga nafasi ya kutosha kabla ya kuanza. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5. Ukiongeza faili itakayotoka, gigabaiti 15 zilizo wazi zinatosha kwa diski moja bila wasiwasi.

Fungua diski na utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake faili za VOB ndizo zenye picha, sauti na manukuu, kila moja isiyozidi takriban gigabaiti moja. Filamu moja kwa hiyo hukatwa vipande: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea. Ile yenye sifuri mwishoni, VTS_01_0.VOB, kwa kawaida ni menyu. Faili za IFO hueleza vipande vinafuatanaje, sura zinaanzia wapi, na manukuu yana rangi gani. BUP ni nakala za akiba za IFO.

Hapo ndipo ule ushauri maarufu wa kubadili jina la VOB liwe .mpg unapofeli. Kwa kipande kifupi unafanya kazi. Kwa filamu nzima, saa ya ndani ya video inaweza kuanza upya katikati ya faili, na kichezaji kikaonyesha urefu wa uongo au kikakataa kuruka mbele. Manukuu nayo hupoteza rangi zake, maana rangi hizo haziko ndani ya VOB, ziko kwenye IFO. Tumia programu inayosoma IFO, na nusu ya matatizo ya sauti kuachana na picha hutayaona kabisa.

Diski nyingi za filamu zinazouzwa zimefungwa kwa kinga dhidi ya kunakiliwa iitwayo CSS. HandBrake peke yake haivunji kinga hiyo. Inategemea maktaba ya libdvdcss kutoka mradi wa VideoLAN, walewale wa VLC. Dalili za kukosekana kwake ni mbili: HandBrake inasema haijapata chanzo wala taito yoyote (taito ni filamu au kipande kinachochezeka peke yake), au inageuza bila kulalamika lakini picha imejaa vipande vya kijani na waridi vinavyorukaruka. Ukiona vipande vya namna hiyo kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, usihangaike kusafisha diski. Mkwaruzo huharibu sehemu, haupaki rangi filamu nzima.

Kwenye Windows, faili ya libdvdcss-2.dll huwekwa ndani ya folda ya HandBrake, na iwe ya biti 64 kama HandBrake yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu amri ni hizi:

sudo apt install libdvd-pkg
sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Wengi huishia kwenye amri ya kwanza na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Ni ile ya pili inayojenga maktaba na kuiweka mahali pake.

Sheria nayo haifanani kila mahali. Marekani, sheria ya hakimiliki ya DMCA ya 1998 kwa jumla inakataza kuvunja kinga ya namna hii, hata kwenye diski uliyoilipia. Jua msimamo wa nchi yako kabla ya kugusa diski za biashara. Video za harusi, mahafali na za familia ulizorekodi au kurekodiwa huwa hazina CSS, na hizo ndizo zenye haraka zaidi: filamu ya biashara hununuliwa tena, ya familia hainunuliwi.

Kuna pia msimbo wa eneo, namba inayoonyesha diski imekusudiwa sehemu gani ya dunia. Kiendeshi cha kawaida cha kompyuta hukuruhusu kubadili eneo mara tano tu, kisha hujifunga kwenye eneo la mwisho. Kompyuta ikikuuliza kama ubadili eneo, usibofye ndiyo kwa mazoea. Jaribu kwanza kucheza diski kwa VLC, kwa sababu libdvdcss mara nyingi inaweza kuisoma bila mabadiliko hayo.

Sasa kunakili. Kwa diski nzima isiyo na majeraha, njia nyepesi ni MakeMKV. Haiko huria yote, lakini kwa DVD haidai malipo, na inafanya jambo moja kwa ustadi: inachukua video, sauti na manukuu kama yalivyo na kuyaweka ndani ya faili ya MKV bila kugusa ubora. Jua tu kwamba inaficha taito fupi. Kiwango cha kawaida kwenye mipangilio yake ni sekunde 120, kwa hiyo klipu ya dakika moja haitaonekana mpaka ushushe namba hiyo. Kwenye Linux, dvdbackup hunakili muundo wote (/dev/sr0 ni kiendeshi cha DVD):

dvdbackup -M -i /dev/sr0 -o ~/nakala

Kama una hifadhi ya kutosha, faili ya MKV iliyotoka hivyo inaweza kuwa ndiyo mwisho wa kazi. Filamu ya saa mbili yenye wastani wa megabiti 6 kwa sekunde ni gigabaiti 5.4 hivi. Kwa video za familia tunapendelea kabisa kuitunza hiyo kama asili, na kutengeneza ndogo ya kutumiana kwenye simu.

Diski iliyokwaruzwa inahitaji subira na zana nyingine. Anza kwa kuifuta kwa kitambaa laini kisicho na vumbi, kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kuifuta kwa mzunguko kunaweza kuacha mkwaruzo unaofuata njia ya data, na mkwaruzo wa namna hiyo ndio mgumu zaidi kwa kiendeshi kuufidia, kwa kuwa unameza data nyingi zinazofuatana. Kwenye DVD data hukaa katikati ya unene wa diski, kati ya sahani mbili za plastiki zenye milimita 0.6 kila moja. Mkwaruzo wa juujuu upande wa kusomea kwa hiyo haujaharibu data yenyewe, umezuia tu mwanga wa leza. Ndiyo sababu diski inayokataliwa na kiendeshi kimoja hukubaliwa na kingine.

Zana yenyewe ni GNU ddrescue. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue, ingawa amri ni ddrescue. Isichanganywe na dd_rescue, hiyo ni programu nyingine. Anza hivi:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map

Faili ya diski.iso, yaani ISO, ni nakala ya diski nzima. Namba 2048 ni baiti za sekta moja ya DVD, kipande kidogo kabisa kinachosomwa. Alama ya -n inaiambia iokote kwanza yote yanayosomeka kirahisi, isikwame kukwangua sehemu mbovu. Hilo lina maana kubwa: programu za kawaida hugongagonga sekta ileile mbovu huku kiendeshi kikipata joto, na sehemu nzima zilizo mbele zinangoja. Zamu ya kwanza ikiisha, rudi kwenye zilizobaki:

ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 diski.iso diski.map

Faili ya diski.map ndiyo kumbukumbu ya kipi kimesomwa na kipi bado. Usiifute. Ukiwa nayo unaweza kusimamisha kazi, kuizima kompyuta, kuifuta diski upya, hata kuhamia kiendeshi kingine, na ddrescue itaendelea palepale kwa kujaza mapengo tu. Kubadili kiendeshi kumeokoa diski nyingi kuliko dawa zozote za kung'arisha plastiki, na hatuoni sababu ya kupaka diski dawa ya meno kabla ya kujaribu viendeshi viwili au vitatu. Diski ikiwa na CSS, ichezeshe kidogo kwa VLC kwanza ili kiendeshi kikubali kutoa sekta zilizofungwa. Bila hivyo ddrescue itaripoti makosa tele kwenye diski isiyo na doa.

Sekta chache zisipopatikana kabisa, usikate tamaa. Kilobaiti kumi zilizokosekana katika filamu ni picha kuvurugika kwa muda usiofika sekunde moja. Ila zikiwa ndani ya IFO, diski yote itaonekana tupu. Hapo BUP inasaidia: nakili VTS_01_0.BUP kwa jina la VTS_01_0.IFO ndani ya folda uliyotoa kwenye ISO, kisha fungua folda hiyo.

Diski za matabaka mawili zina ugonjwa wao. Leza ikimaliza tabaka la kwanza hubadili umakini kwenda la pili, na kiendeshi kilichochoka huteleza hapohapo. Usomaji ukikwama karibu na nusu ya diski kubwa ilhali hakuna mkwaruzo unaoonekana, shuku kiendeshi kabla ya diski.

Diski iliyorekodiwa kwenye mashine ya sebuleni au kamera ya DVD inaweza kuonekana tupu kwenye kompyuta kwa sababu haikufungwa rasmi (finalize) baada ya kurekodi. Amri ya dvd+rw-mediainfo /dev/sr0 hukuonyesha hali yake. Ukiona neno "appendable", diski haijafungwa. Dawa ya kwanza ni kuirudisha kwenye mashine iliyoirekodi na kuchagua kuifunga. Mashine ikiwa haipo tena, toa kinachosomeka kwa ddrescue na uipe programu ya PhotoRec faili ya ISO. Huokota video za MPEG kwa kutazama yaliyomo, haihitaji orodha ya mafaili. Diski nyingine za mashine hizo hazina VIDEO_TS, zina faili moja ya VR_MOVIE.VRO. Hiyo ni MPEG-2 vilevile, muundo wa video wa DVD, na programu ya ffmpeg huisoma.

Nakala ikishapatikana, HandBrake hufungua ISO, folda ya VIDEO_TS au MKV kwa namna ileile. Ukifungua folda, chagua VIDEO_TS yenyewe. Ukichagua faili moja ya VOB, utapata kipande kimoja tu cha filamu. Kisha chagua taito sahihi. Kawaida ndiyo ndefu kuliko zote, lakini diski za mfululizo huwa na taito moja inayounganisha sehemu zote na nyingine za kila sehemu peke yake. Linganisha urefu: ndefu ya saa tatu na nne za dakika 45 ni kitu kilekile. Kuna pia diski zilizotegwa kwa taito 99 zinazofanana urefu, huku mpangilio wa vipande ukiwa umechanganywa. Hapo cheza diski kwa VLC, bonyeza kuanza filamu kwenye menyu, kisha tazama kwenye orodha ya taito ni namba ipi inayocheza. Ndiyo hiyo.

Kwa ubora, acha kukisia ukubwa wa faili na utumie ubora thabiti. Kwa x264 (kigeuzi cha video ya H.264) na picha ya DVD, RF, yaani namba ya ubora, kati ya 18 na 22 ndiyo eneo la kufanyia kazi. Namba ndogo ni ubora mkubwa. Anza na 20. Video ya familia yenye chembechembe za giza ishushe hadi 18. Usikuze picha ifike 1080. DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576, ya NTSC 720 kwa 480 (hiyo ni mifumo miwili ya televisheni), na kuzikuza wakati wa kugeuza kunaongeza ukubwa wa faili bila kuongeza kitu ambacho hakikuwepo. Televisheni itaikuza yenyewe wakati wa kucheza. H.265, muundo mpya zaidi, huokoa nafasi, ila kwa picha ndogo kiasi hiki akiba si kubwa, na vifaa vya zamani vitakataa faili. Tungebaki na H.264. Kugeuza kwa chipu ya kadi ya picha ni kwepesi mno, lakini kwa ubora uleule faili hutoka kubwa zaidi, na hapa DVD ni ndogo kiasi kwamba x264 haitakuchosha kungoja.

Watu wakiwa wembamba au wanene kwenye faili iliyotoka, uwiano umepotea. Pikseli za DVD si za mraba: zilezile 720 kwa 576 huonyeshwa kama 1024 kwa 576 kwa skrini pana na 768 kwa 576 kwa ile ya kizamani. Acha mpangilio wa anamofiki kwenye "Automatic" na usiandike vipimo kwa mkono.

Jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote niliyotaja hadi hapa ni mistari iliyopishana. Kamera za video za zamani na televisheni hazikuchukua fremu nzima kwa wakati mmoja. Zilichukua mistari witiri, kisha mistari shufwa, nusu 50 kwa sekunde kwa PAL na karibu 60 kwa NTSC. Nusu mbili zikiunganishwa kwenye kompyuta, mkono unaopunga unaonekana na meno kama kitana. Ukigeuza faili ikiwa hivyo, meno yanachomwa ndani ya picha na kuyaondoa baadaye ni shida. Ndiyo sababu ya kutazama kwanza. Simamisha video mahali penye mwendo wa haraka, au uihesabishe ffmpeg:

ffmpeg -i nakala.mkv -vf idet -frames:v 2000 -an -f null -

Mwishoni itaorodhesha fremu ngapi zimepishana na ngapi ni kamili. Kwa filamu ya sinema kwenye PAL, mara nyingi fremu ni kamili. Filamu hizo ziliharakishwa tu kutoka fremu 24 hadi 25 kwa sekunde, na kuzichuja kunapunguza makali ya picha bure. Kwa hizo, ugunduzi wa mistari pamoja na kichujio cha Decomb kwenye HandBrake vinatosha, kwani hugusa fremu zenye meno peke yake. Filamu kwenye NTSC ina tabia nyingine: fremu tatu safi, mbili zenye meno, tatu safi, mbili zenye meno. Hiyo inatibiwa kwa Detelecine, irudi kwenye fremu 23.976. Ukitumia kichujio cha kawaida hapo, mwendo utakuwa wa kukatikakatika kamera inapozunguka taratibu.

Video iliyorekodiwa kwa kamera inahitaji njia ya tatu. Kila nusu ya picha ni wakati wake, kwa hiyo iliyo sahihi kwa PAL ni kutoa fremu 50 kwa sekunde, si 25. Kwenye HandBrake chagua Bwdif au Yadif kwa mpangilio wa Bob, na weka kasi ya fremu 50 isiyobadilika. Watoto wanaokimbia watakimbia kama walivyokimbia. Kwa ffmpeg kazi yote inaandikwa hivi:

ffmpeg -i nakala.mkv -map 0:v:0 -map 0:a -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 18 -preset slow -c:a aac -b:a 192k familia.mp4

Ikiwa mwendo unayumba mbele na nyuma kwa kasi, mpangilio wa nusu umegeuzwa. Ongeza :parity=bff mwishoni mwa kichujio, au tff kama bff ndiyo iliyoleta yumbo. Video zilizopitia kamera za DV ndizo hupatwa sana, kwa sababu DV huanza na nusu ya chini.

Ukataji wa kingo wa HandBrake hukisiwa kutokana na picha chache za mfano. Filamu yenye matukio ya gizani humdanganya mkisiaji, na vichwa vya watu vikakatwa. Pitia picha za mfano kabla ya kuanza. Diski iliyotokana na kanda ya VHS huwa na ukungu wa mistari inayotetemeka sehemu ya chini kabisa. Kata mistari 8 hadi 12 chini kwa mkono.

Sauti ya AC-3 (Dolby Digital) ya chaneli sita ikishushwa kuwa stereo, mazungumzo hunong'ona na milipuko hupasua masikio. Kwenye kichupo cha sauti, DRC (kipunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya kati ya 1.5 na 2.5 inasawazisha, ila inafanya kazi pale chanzo kilipo AC-3. Kama faili ni ya televisheni yenye spika zake, nakili AC-3 ilivyo na uongeze AAC ya stereo kama sauti ya pili.

Sauti ikitangulia midomo kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ni tofauti ya kuanzia na inarekebishwa kwa kuisogeza sauti. Ikianza sawa na kuachana taratibu, chanzo ni vipande vilivyounganishwa bila IFO, au sekta zilizokosekana. Rudi kwenye hatua ya kunakili. Kuisogeza sauti kutasahihisha mahali pamoja na kuharibu pengine.

Manukuu ya DVD ni picha, si maandishi. Ndani ya MKV yanakaa vizuri na unaweza kuyawasha au kuyazima. Ndani ya MP4 vichezaji vingi havitayaonyesha, kwa hiyo ama utumie MKV, ama uchague lugha moja ichomwe ndani ya picha moja kwa moja. Ukiichoma haitoki tena.

Kabla ya kufuta ISO, pitisha ukaguzi huu kwenye faili iliyotoka:

ffmpeg -v error -i familia.mp4 -f null -

Ikinyamaza hadi mwisho, faili inasomeka yote. Hiyo haithibitishi kwamba picha ni ile uliyoitaka, basi linganisha urefu na ule wa taito kwenye diski, kisha tazama dakika moja mwanzoni, moja katikati pale tabaka linapobadilika, na moja mwishoni huku ukiangalia midomo ya wanaosema. Ifanyie ukaguzi huohuo nakala ya asili. Makosa yakiwa kwenye asili pia, yalitoka kwenye diski, na faili ya diski.map bado inakuruhusu kurudi na kiendeshi kingine.